Sato mtamu sana, moshi wa sigara ndo umenishinda. Nyota 3

Nianze na chakula maana ndo kilichonipeleka. Sato wa hapa wako vizuri jamani, unaenda mwenyewe kwenye friza unachagua, wanakutajia bei kwa ukubwa, na ukiuliza kama ni wa ziwani au wa vizimba wanakujibu ukweli bila kuzunguka. Sisi tulichukua wa kuchoma, ngozi imekauka vizuri ila nyama ya ndani bado laini, ndimu na kitunguu saumu vimeingia mpaka kwenye mfupa, ugali wa moto, kachumbari yenye pilipili ya maana. Kusubiri ni kurefu ila samaki wa kuchoma hakimbizwi kwahiyo hilo siwalaumu.

Sasa sigara. Wameweka kibao cha sehemu ya wavutaji na hiyo sehemu ni zile meza za mbele kabisa kwenye maji, na mtu yeyote wa Mwanza anajua mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, yani moshi wote wa pale unapita juu ya meza za familia unaenda kutulia kaunta. Hamna ukuta, hamna kioo, kuna kamba tu imefungwa kwenye nguzo mbili. Nilikuwa na mtoto wa dada yangu ana pumu, hajafika hata nusu ya samaki kifua kikaanza kupiga filimbi, ikabidi tumtoe mpaka kwenye magari tumpulizie dawa yake. Binti aliyetuhudumia akaniambia taratibu "pole mama, hata sisi kinatubana, ila meneja kasema wale wako sehemu yao". Meneja nae alikuja, mstaarabu tu, akatuhamishia meza ya nyuma karibu na jiko, ila alivyomaliza kuhamisha sahani akasema "dada yangu, sheria inaruhusu".

Na kwa hilo hajadanganya, ndo kinachoniuma. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ya 2003 inabana uvutaji kwenye maeneo ya umma alafu inaacha mlango wa kutenga sehemu za kuvutia. 2007 tukaridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, na miongozo ya kifungu chake cha 8 inasema wazi kabisa kwamba kutenga sehemu au kuweka feni hakumlindi mtu na moshi. Tumeridhia, sheria ya nyumbani bado ileile. Wenzetu Uganda, tunaokula nao samaki wa ziwa hilihili, sheria yao ya 2015 inamtaka mvutaji asogee mita 50 kutoka maeneo ya umma. Mita 50! Hapa kwetu ni kamba.

Kila ikizungumzwa kufunga huo mlango tunaletewa mkulima wa tumbaku wa Urambo kule Tabora, kodi na biashara za watu. Mkulima namheshimu, ila tumbaku yetu nyingi inauzwa nje ya nchi, shamba lake haliwezi kufa kwa sababu mtu wa Mwanza kaambiwa akavutie nje ya mgahawa. Na kuhusu biashara, shisha si ilipigwa marufuku 2016, tukaambiwa watu watafunga sehemu zao, leo ufukwe mzima umejaa viti. Watu zaidi ya milioni 1 kwa mwaka duniani wanakufa kwa moshi wa wengine, wao hawavuti. Yule binti yupo pale tangu mchana mpaka usiku na hana meza ya nyuma ya kuhamia, mbunge anayesema sehemu za kutenga zinatosha aje abebe sinia pale jumamosi moja.

Ombi langu kwa wenye mgahawa, msisubiri Bunge. Sheria kuruhusu hizo sehemu haiwalazimishi kuwa nazo, toeni kile kibao, mvutaji aende kule chini kwenye maegesho amalize arudi kula, hakuna atakayemkimbia sato huyu kwa ajili ya hilo. Mkifanya hivyo narudi na ukoo mzima na nyota nabadilisha.

Kwa sasa kama una mtoto mwenye kifua au mjamzito, agiza ukale nyumbani, wanafunga kwenye foili anafika bado wa moto, kachumbari wanaweka pembeni na bei haiongezeki.