Chakula cha nyota kwa watu wawili, Flanders na Uholanzi: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Mimi na Baba Watoto tuko Rotterdam mwaka wa saba huu na hela yetu ya starehe haiendi kwenye gari wala viatu, yote inaishia mdomoni. Kila baada ya miezi miwili mitatu watoto wanapelekwa kwa shangazi yao, sisi tunapanda treni, mara Antwerpen, mara Gent, mara Zwolle, tunakula, tunagombana kidogo juu ya bili, tunarudi. Sasa ndugu wakija kututembelea swali ni lilelile, "hiyo migahawa ya nyota ni bei gani?" na mi nashindwa kujibu maana ni sawa na kuniuliza nguo ni bei gani, nguo gani sasa, khanga au suti ya harusi? Kwa hiyo nimepanga hapa aina za mlo unaoweza kununua, ya juu ndiyo inayokupa raha nyingi kwa hela kidogo, ya chini uinunue ukiwa na sababu. Bei ni tulizolipa sisi na zinapanda kila mwaka, angalia menyu ya mgahawa mwenyewe kabla hujabuku.

Kuhusu nyota zenyewe, kwa kifupi. Michelin ni kampuni ya matairi, walianza kutoa kijitabu cha mwongozo wa safari mwaka 1900 ili wenye magari wasafiri zaidi (na matairi yaishe, tusidanganyane), nyota za migahawa zikaja 1926. Moja maana yake wanapika vizuri sana, mbili maana yake inafaa uache njia yako ukapite hapo, tatu maana yake ufunge safari kwa ajili ya huo mgahawa tu. Zinatolewa kwa kilichomo kwenye sahani, si kwa vitambaa vyeupe, ndo maana kuna sehemu za nyota utakuta watu wana jinzi na mziki unagonga.

1. Lanchi ya siku ya kazi, mgahawa wa nyota moja

Hii ndo namba moja na sibishani na mtu. Jiko ni lilelile, shefu ni yuleyule, vyombo vilevile, ila mchana wa Jumatano au Alhamisi meza zinakuwa hazijajaa kwa hiyo wanauza menyu fupi kwa bei ya kuvutia wateja. Flanders, yaani upande wa kaskazini wa Ubelgiji wanakoongea Kiholanzi, wanaiita tu lunchmenu, kozi tatu, sisi tumelipa kati ya euro 55 na 75 kwa kichwa, sehemu ambazo usiku huingii chini ya 120. Na ukisikia kozi tatu usiogope utatoka na njaa, kabla hujaletewa ya kwanza kuna vile vitu vidogo vya kuonja wanavyoviita amuse, havimo kwenye menyu wala hulipii, vinakuja vitatu, vinne, afu mkate na siagi, afu mwisho na kahawa tena vitamu vidogo. Mara ya kwanza mume wangu alishiba mkate, aliumaliza wote akaomba mwingine, nyama ilipofika anahema tu.

Flanders ina kitu ambacho Uholanzi hatuna sana, nyumba nzuri za kula ziko vijijini katikati ya mashamba ya viazi, mke anahudumia mume anapika. Uzuri wa lanchi hapo ni usafiri, maana basi la kijijini saa nne usiku sahau. Tulishawahi kulipa teksi ya kurudi stesheni bei karibu sawa na sahani moja, tukafunga mdomo njia nzima.

Angalizo, wengi wanafunga Jumapili na Jumatatu, na kiangazi wanakwenda likizo wiki kadhaa bila aibu. Afu wakati wa kubuku uliza wazi kama siku hiyo lunchmenu ipo, vinginevyo unaweza kukaa ukaletewa menyu kubwa peke yake na wewe ushavua koti.

2. Kitu kimoja cha msimu, mahali pake

Hapa nitakaa kidogo maana watu wanaidharau. Si lazima nyota. Watu wa Flanders na wa Zeeland, mkoa wa pwani wa Uholanzi, wanakula kwa kalenda kama sisi nyumbani tulivyo na msimu wa maembe, na ukinunua kitu kwenye msimu wake hata mgahawa wa kawaida unakushinda akili.

Aprili mpaka tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohana, ni asparaga nyeupe, mboga ya vijiti vinene kama kidole gumba, na za eneo la Mechelen ndo zinazosifiwa. Agiza mtindo wa Flanders, yaani juu yake wanaweka yai la kuchemsha lililopondwa, siagi na parsley basi. Mi niliiona kwenye picha nikasema hiki ndo chakula? Nikala. Nikanyamaza.

Kuanzia Julai ni kome wa Zeeland, wana mnada wao kabisa pale Yerseke, mji mdogo tu ila ukifika unanusa bahari kabla hujashuka kwenye gari. Sufuria moja ya kome, karibu kilo, inaletwa ya kwako peke yako na chipsi, unatumia ganda tupu kama koleo la kuchomolea wengine, hakuna mwenye uma hapo. Anayekula halali aulize kwanza, mara nyingi wanachemshia mvinyo mweupe, ila ukiomba wakupikie bila mvinyo, na vitunguu na seleri tu, hawakatai. Kambamti wa Oosterschelde, mkono wa bahari hukohuko Zeeland, naye ana miezi yake, mwishoni mwa Machi au mwanzo wa Aprili hivi mpaka katikati ya Julai, huyo ni ghali lakini anatosha watu wawili mkipendana.

Afu kuna uduvi wa kijivu wa pwani ya Ubelgiji. Pale Oostduinkerke bado wapo wavuvi wanaovua wakiwa juu ya farasi, wanaingia baharini farasi akikokota wavu, UNESCO wameuweka uvuvi huo kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2013. Mtu wa Bagamoyo akiona anacheka, lakini kula ile kroketi yao ya uduvi, yaani donge la kukaangwa lenye uduvi ndani, ikiwa ya moto, au nyanya mbichi iliyojazwa uduvi na mayonizi, ndo utajua kwa nini wanajisumbua. Sahani kama hiyo tunalipa ishirini na kitu.

3. Bib Gourmand usiku

Kama lazima iwe usiku, siku ya ndoa au ulishaahidi, tafuta alama ya Bib Gourmand, hiyo nayo ni ya Michelin, ilianza 1997, jina limetoka kwa yule jamaa wao wa matairi Bibendum. Maana yake chakula kizuri kwa bei ya kueleweka. Sisi wawili na maji na glasi moja moja tunatoka chini ya 150. Sina mengi, ni chaguo salama, haliwezi kukuliza.

4. Mboga za nyota

Hii nimeiweka kwa ajili ya dada yangu na wote wanaohangaika na nguruwe na mchuzi wa divai kwenye kila sahani. De Kas, Amsterdam mashariki, iko ndani ya nyumba ya vioo ya zamani ya kuoteshea mimea, ilifunguliwa 2001 badala ya jengo kubomolewa, wanapika walichovuna kwenye shamba lao na hapohapo, huchagui sana, unakula kilichokomaa. Lanchi yake ndo ya kununua, mwanga unaingia kila upande.

Ya pili ni De Nieuwe Winkel, Nijmegen, ya shefu Emile van der Staak, nyota mbili na ni mimea tu mwanzo mwisho, mazao mengine yanatoka kwenye msitu wa chakula, yaani shamba lililopandwa miti na mimea ya kuliwa kama msitu, jirani na mji. Baba Watoto aliingia amenuna, "nimelipa hela hii nile majani?" alipotoka alikuwa anauliza tena walifanyaje. Hata hivyo waandikie mapema, pombe inaweza kujificha pasipoonekana, na jiko la menyu moja haliwezi kubadilisha mambo wewe ukiwa umeshakaa.

5. Nyota tatu usiku

Nimeiweka ya tano si kwa ubaya. Flanders kuna Zilte, Antwerpen, juu kwenye jengo la makumbusho ya MAS, nyota ya tatu walipata 2021, na kuna Boury, Roeselare, wao 2022. Uholanzi kuna De Librije, Zwolle, nyota tatu tangu 2004, mgahawa uko kwenye iliyokuwa jela ya wanawake, na shefu wake Jonnie Boer alifariki 2025, tulihuzunika kama tumefiwa na jirani. Hapo hesabu mara nyingi inapita euro 250 kwa kichwa kabla hujanywa kitu. Ni masaa manne ya kukaa. Sahani ya tisa mi huwa siikumbuki tena, naikumbuka ya pili na ile ya kumi na nane kwa sababu nilikuwa nasinzia.

Inunue mara moja, mkishakula nyota moja mara tano sita mkajua mnachopenda, ndo utaona tofauti iko wapi. Ukienda nayo kama ya kwanza utalinganisha na nini? Na kama unachotaka ni ile view ya Antwerpen tu, paa la MAS ni bure, panda ngazi za umeme upige picha, shuka ukale kroketi.

6. Mvinyo wa kila sahani

Huu si mlo lakini ndo unaoua bili kwa hiyo nauweka mkiani. Wanakupa glasi tofauti kwa kila kozi, nyongeza yake inaweza kufika karibu nusu ya bei ya chakula, kila mtu. Nunua mmoja mgawane, au omba nusu glasi, Uholanzi wengi wanaiita bob kwa ajili ya dereva. Ile ya juisi na chai zilizochachushwa badala ya mvinyo siku hizi imekuwa tamu kweli, mi ndo naagiza hiyo, ila usidhani ni rahisi sana.

Maji je? Ubelgiji ya bomba usiyategemee, unaletewa chupa, na weita anajaza glasi kabla hujameza. Kuna sehemu moja siitaji tulikuta chupa nne kwenye bili, euro 8 kila moja, na hatukuagiza hata moja kwa mdomo wetu. Sasa tunasema tangu mwanzo, chupa moja, tutaomba nyingine. Bakshishi haikulazimu, huduma imeshahesabiwa kwenye bei.

La mwisho, kadi. Ukibuku wanachukua namba ya kadi na ukighairi dakika za mwisho wanakata. Sisi mtoto alipata homa asubuhi ya siku yenyewe, tukapiga simu, wakakata 200 kwa wawili. Soma masaa yao ya kughairi, kuna wa 24 kuna wa 72, na kama una watoto chagua wa 24.

Sisi tumeshabuku Ijumaa ya pili ya Mei, lanchi, upande wa Mechelen, asparaga. Chupa moja ya maji.