Uzoefu wangu: kibanda cha chakula cha asili kilichomnyima shangazi ugali wa uwele

Kibanda hiki nilikuwa nimekisifu kwa kila mtu ninayefanya naye kazi, na ndiyo maana hasira yangu ni kubwa kuliko ya mteja wa kupita. Kinaendeshwa na kikundi cha vijana hapa Dodoma mjini, baadhi yao Wagogo, wengine Warangi wa Kondoa na Wanyaturu wa Singida, walioamua kuuza kando ya barabara vyakula ambavyo watu wa kanda hii wamekulia: ugali wa uwele na wa mtama, mlenda mkavu uliotiwa karanga, kuku wa kienyeji, maziwa mgando na juisi ya ubuyu. Katika mji ambao kila kona ina chipsi mayai, wazo hilo peke yake lilitosha kunifanya mteja wao wa kudumu.

Kuhusu chakula chenyewe sitasema uongo hata sasa. Ugali wao wa uwele husongwa mpaka ukashikana, una ile rangi yake ya kijivu na harufu ya nafaka iliyosagwa karibuni, wala hawauchanganyi na sembe ili kupunguza gharama, jambo ambalo ulimi uliozoea hulitambua kwenye tonge la kwanza. Mlenda nao wanaupika inavyotakiwa: maji yanachemka kwanza na magadi kidogo, unga wa majani unanyunyizwa taratibu huku ukikorogwa, karanga zilizotwangwa zinafuata, na moto unapunguzwa kabla sufuria haijafurika. Ni wachache sana wanaoupika hivi kwa biashara.

Ilikuwa kipindi cha Bunge la Bajeti, wakati mji unapojaa wageni, nilipompeleka shangazi yangu. Huyu ni dada wa baba yangu, na kwa miaka mingi ameuza mlenda mkavu kwa kopo katika Soko la Majengo. Nilitaka aone kwamba kuna vijana wanaokiheshimu kitu alichokifanyia kazi maisha yake yote. Tulifika mchana, sufuria ikiwa jikoni na ugali ukiwa umetoka kupakuliwa. Ukutani, nyuma ya kijana anayepokea oda, pameandikwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kwa herufi kubwa nyekundu, lakini kijana mwenyewe hakumwamkia mzee aliyesimama mbele yake.

Shangazi alisema kwa upole, "Mwanangu, naomba ugali wa uwele na mlenda."

Kijana akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake: "Bibi, uwele ni oda ya wageni. Wewe chukua sembe, si uwele unakula kila siku nyumbani?"

Shangazi alikuwa ameshafungua fundo la khanga kutoa hela. Alilifunga tena, akalikaza kwa vidole viwili, akaniambia, "Twende, mwanangu."

Naielewa biashara ya oda. Mtu aliyelipa nusu ya fedha asubuhi ana haki ya kukuta chakula chake, na kama kijana angesema, "Shikamoo bibi, tusamehe, uwele wa leo umeshalipiwa," tungekula mtama na nisingeandika neno lolote hapa. Ninachokikataa ni ile nusu ya pili ya jibu lake. Uwele na mtama vipo Dodoma hadi leo kwa sababu wazee kama shangazi waliendelea kutunza mbegu zake na kuzipanda katika ardhi hii ya mvua za msimu mmoja, ambako mahindi hunyauka mara kwa mara, hata pale watu wa mjini walipokiita chakula cha njaa. Leo chakula hicho kimepata bei na wapiga picha, halafu yule aliyekihifadhi anaambiwa akale sembe.

Nilipoanza kupandisha sauti, binti aliyekuwa akisonga ugali aliweka mwiko chini, akafuta mikono, akaja akapiga goti. "Shikamoo, bibi. Hiki ni cha kwangu cha mchana, si cha oda. Karibu." Alileta kibakuli cha mlenda na ugali kidogo wa uwele. Shangazi alikaa, akamega tonge moja, akalichovya, akatafuna polepole, kisha akamwambia, "Majani haya yameanikwa kivulini, hayakuachwa yaunguzwe na jua. Nani alikufundisha?" Binti akasema ni nyanya yake, huko Kondoa. Wale wawili wakaanza kuzungumza kana kwamba wanajuana siku nyingi, na kwa dakika chache nilikuwa tayari kusamehe kila kitu.

Kisha yule kijana akapiga kelele kutoka mbele, wateja wote wakisikia: "Utalipa wewe hicho?"

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokwisha, kwa sababu kikundi hiki kiliwahi kuniambia chenyewe, kwa fahari, kwamba kilianza kwa mkopo wa halmashauri. Mikopo hiyo haina riba, na hutoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mapato hayo ni pamoja na ushuru wa masoko, ule ule ambao shangazi ameulipa kwa miaka mingi akiwa ameketi nyuma ya makopo yake ya mlenda. Kwa hiyo bibi aliyefukuzwa kwenye chungu ni mmoja wa waliochangia kukinunua.

Watu wameniuliza kama waende. Jioni ile nilitaka kuwaambia wasikanyage pale. Nilipotulia nikaona kwamba nikisema hivyo nitakuwa nimemwadhibu binti wa jikoni, na sijui kibanda kingine mjini kinachopika mlenda wa namna hii. Hata hivyo, kila ninapokumbuka lile fundo la khanga likifungwa upya, siwezi kuandika kwamba ninapapendekeza.

Ukiamua kwenda, nenda kabla ya saa sita mchana, na kama inawezekana agiza moja kwa moja kwa binti aliye jikoni. Ukiwa na mzee, uliza kwanza kama uwele wa siku hiyo ni wa kila mtu. Wenye kibanda wakitenga chungu kimoja kwa ajili ya wateja wa kawaida na kumwondoa kijana yule mbele, nitarudi na shangazi na nitayaandika hayo pia. Hadi sasa sijarudi.