Kereng'ende wa kujiundia: mabawa mazuri, gia dhaifu

Kifurushi hiki nilikinunua kwa shilingi 85,000 kutoka duka moja la mtandaoni la Dar es Salaam, kikanifikia Mtwara kwa basi kikiwa na vijiti vya nyuzi za kaboni, plastiki nyembamba ya mabawa, mota ndogo, gia na betri ya kuchaji. Duka linakinadi kuwa ni roboti linaloruka kama kereng'ende. Si kweli, na ni vyema mnunuzi alijue hilo mapema: kereng'ende huliendesha kila bawa kwa misuli yake, ndiyo maana husimama angani na hata kurudi kinyumenyume, ilhali mabawa manne ya kifaa hiki yanaendeshwa na mota moja na mwelekeo wake hubadilishwa kwa mkia.

Hata hivyo, mabawa yenyewe yamebuniwa kwa akili. Hukutana kama viganja vinavyopiga kofi, kisha huachana kuanzia ukingo wa mbele, hewa ikiingia kwa kasi kujaza nafasi inayofunguka. Mbinu hiyo, ambayo Torkel Weis-Fogh aliieleza mwaka 1973 baada ya kuchunguza nyigu wadogo sana, huongeza nguvu ya kunyanyua. DelFly Nimble, roboti la kuruka la Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, hupiga mabawa kwa mtindo huohuo mara 17 kwa sekunde, ina gramu 29, tena haina mkia kabisa. Changu, kwenye mizani ya sonara, kilisoma gramu 14. Gundi niliyoizidisha kwenye mashina ya mabawa ilikuwa karibu gramu moja, nayo ilitosha kukifanya kiburuze tumbo sakafuni. Nilipoikwangua kwa wembe, kiliruka hadi ukutani.

Udhaifu uko kwenye gia. Mota huzunguka kwa kasi kubwa mno kwa bawa, hivyo gia hulazimika kuipunguza, na kila pigo la bawa hurudisha mzigo kwenye meno yaleyale. Haya ni ya plastiki laini. Siku ya tatu mawili yalinyofoka. Dukani nilijibiwa kwamba gia haiuzwi peke yake, ninunue kifurushi kingine kizima, jibu lisilo la haki kwa kipuri kinachochakaa kabla ya vingine vyote. RoboBee, roboti dogo la kuruka la Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, lenye uzito wa miligramu 80 hivi, haina gia, kwani mabawa yake huendeshwa na vipande vya kauri vinavyojipinda vinapopitishiwa umeme. Lakini iliporuka mwaka 2013 ilikuwa bado imefungwa waya wa umeme.

Kirushwe ndani, feni zikiwa zimezimwa. Mimi nilikijaribu ufukweni Shangani jioni ya kusi, kikabebwa hadi kwenye nyavu zilizoanikwa na bawa moja likachanika. Kwa mwalimu wa fizikia au kijana mwenye mkono wa ufundi ninakipendekeza, ila aulize kwanza kama gia ya akiba imo ndani ya boksi.