Dola 90 za kufundishwa ajaili Lubumbashi: uzoefu wangu

Nianze na bei ya mafunzo ya ajaili, namna ya kutengeneza programu kidogokidogo huku mteja akiiona, maana ndiyo kila mtu huniuliza kwanza. Dola 90 kwa kichwa, siku tatu, Alhamisi hadi Jumamosi, chai ya saa nne na bukari (ugali) ya mchana humohumo. Kituo sitakitaja, kwa kuwa nina ya kukisifu na nina ya kukilalamikia, na mwalimu wake tunapishana mjini kila wiki. Timu yetu ni watu watano, tunaandika programu za stoo na mauzo kwa maduka na depo za dawa. Tulikwenda watatu. Dola 270, kwa ofisi kama yetu, zinauma.

Kilichotupeleka ni aibu. Mwaka uliotangulia mama mmoja mwenye depo ya dawa, upande wa soko la Kenya, komine ya hapa mjini, alitupa kazi ya kumtengenezea programu. Tulikaa naye siku mbili, tukaandika kaye ya mahitaji, daftari la yote ambayo programu itafanya, ya kurasa 38, akatia sahihi kila ukurasa, tukajifungia miezi saba. Siku ya kumkabidhi alikaa mbele ya kompyuta, akauza katoni moja ya majaribio, kisha akanigeukia taratibu: "Mutoto yangu, mutu akilipa dola makumi mbili na ingine franga, naandika fasi gani?"

Hapakuwa na fasi, mahali pa kuliandika. Kwenye kaye tuliandika "sarafu: dola" tukaendelea mbele. Na hakuna mtu Lubumbashi asiyejua namna biashara inavyokwenda: bei inatajwa kwa dola, malipo yanakuja nusu hivi nusu vile, chenji inarudi kwa franga, na kiwango cha kubadilishia cha asubuhi si lazima ndicho cha jioni. Mimi mwenyewe simu yangu niliinunua hivyo. Watu watano tulikijua kitu hicho, mama alikijua, na kurasa 38 hazikukijua. Kukirekebisha kulitaka tubomoe jedwali la mauzo na kila kilichojengwa juu yake. Tulibomoa, bila malipo, miezi miwili na zaidi.

Sasa mafunzo yenyewe. Siku ya kwanza mwalimu alitamka neno kwa Kifaransa, "ajile", na mzee mmoja mhasibu aliyekaa nyuma akauliza, "Kwa ajili ya nini?" Tulicheka, ila hadi leo naona lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku hiyo. Tulielezwa kuwa Februari 2001 watu 17 wa kazi hii walikutana Snowbird, jimbo la Utah huko Marekani, wakaandika tamko fupi la mambo manne wanayoyatanguliza: watu na maelewano yao mbele ya taratibu na zana, programu inayofanya kazi mbele ya makaratasi mengi, kushirikiana na mteja mbele ya kubishania mkataba, kuyapokea mabadiliko mbele ya kung'ang'ania mpango. Hawakusema makaratasi yatupwe. Mwalimu alilisisitiza hilo, na nampa alama yake, kwa sababu nimekutana na vijana wanaodhani ajaili ni ruhusa ya kutoandika chochote.

Kisha skramu, mojawapo ya njia za kufanya kazi kwa ajaili, jina lililotoka kwenye mchezo wa raga. Hapa raga wengi hatuijui, angetumia mpira wa Mazembe tungemwelewa upesi. Na hapa ndipo lalamiko langu kubwa linapoanza. Nusu ya siku aliimaliza akitusomea ukutani mwongozo wa skramu wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland. Mwongozo huo unapatikana bure kwenye intaneti, Kifaransa kipo, na toleo la 2020 halifiki kurasa 15. Utausoma jioni moja ukingoja umeme urudi. Zaidi ya hapo alitufundisha kwamba kwenye kikao cha kila siku lazima kila mtu ajibu maswali matatu: jana nilifanya nini, leo nafanya nini, nimekwama wapi. Toleo la 2020 liliyaondoa maswali hayo. Linadai dakika 15 na mpango wa siku unaoelekea lengo la sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi, namna ya kuzungumza mnachagua wenyewe. Karata za kukadiria ukubwa wa kazi nazo alizileta kama amri, na kwenye mwongozo hazimo kabisa. Kama unauza dola 90, soma toleo jipya.

Siku ya pili alasiri ndipo pesa yangu iliporudi. Kuna zoezi ambalo wenzetu huko nje hulifanya kwa sarafu. Kwetu sarafu za chuma hazizunguki, kwa hiyo alileta vizibo 20 vya bia ya Simba. Watu wanne kwenye meza, wa tano ni mteja. Mzunguko wa kwanza, kila mtu anageuza vizibo vyote 20 ndipo anampitishia jirani. Mteja anakaa, anapiga miayo. Mzunguko wa pili unapitisha vitanovitano, wa tatu kimoja kimoja. Mikono ni ileile, kasi ya vidole ni ileile, lakini mara ya tatu mteja alipata kizibo chake cha kwanza kabla sijapata nafasi ya kumtania. Yule mzee mhasibu alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe tulikuwa tunakaa na mali ya watu mezani." Mimi nilikuwa naiona ile depo na miezi yetu saba.

Tuliporudi kazini tulianza na ubao wa kazi kwenye mtandao, Trello. Ulidumu siku tisa. Delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, ikipiga mchana, modemu inakufa, na aliye na mega za intaneti kwenye simu hataki kuzimalizia kwenye kadi za ofisi. Tukabandika utepe ukutani, safu nne: Inangoja, Inafanywa, Inakaguliwa, Imekwisha. Ukuta hauhitaji umeme, na mgeni akiingia anaona kila kitu bila kuuliza. Kutoka kanbani, mtindo uliozaliwa kwenye viwanda vya Toyota, tulichukua kikomo: chini ya Inafanywa hazikai kadi zaidi ya tatu. Watu watano, kadi tatu. Wiki ya kwanza palikuwa na manung'uniko, hasa kwa mwenzetu mmoja aliyezoea kushika kazi sita na kumaliza sifuri. Sasa kadi zikijaa, asiye na kadi lazima amsaidie mwenye nayo au akague ya mwingine. Ndiyo kanuni pekee ambayo sikuwahi kuona tukiivunja tukapata faida.

Tuligombana siku nzima juu ya neno "Imekwisha". Kwa mwandishi wa programu, kazi imekwisha ikifanya kazi kwenye mashine yake. Tuliandika yetu ukutani kwa kalamu nyekundu: imekwisha ikiwa imejaribiwa kwenye laptopu kuukuu inayofanana na ya mteja, na waya wa umeme ukachomolewa katikati ya mauzo, ukarudishwa, na mauzo hayakupotea. Kadi ya kwanza ilifeli jaribio hilo mara nne. Mji mwingine wangeona ni kichekesho.

Mama wa depo alitupa kazi ya pili, ya kufuatilia madeni ya wateja wake, sijui kwa huruma au kwa sababu alishatuzoea. Safari hii kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, tulimpelekea kilichopo, hata kama ni kidogo cha kuchekesha. Ijumaa ya kwanza kilikuwa ukurasa mmoja: jina la mdaiwa, kiasi, dola au franga, na kiwango cha siku ile. Alicheza nacho dakika kumi, kisha akauliza: "Na dola ya kupasuka?" Anayejua mji anajua. Noti yenye mchano mdogo haipokelewi, na mdaiwa akikuletea moja kati ya tano, deni halijaisha ila pesa ameleta. Kaye gani ingeandika hilo? Tuliongeza hali moja tu, "noti imerudishwa", siku mbili za kazi. Ijumaa ya tatu tulimwonyesha grafu nzuri za madeni kwa mwezi, tulizojivunia sana. "Hizi mimi sisomi. Niwekee majina, mwenye kukawia zaidi akae juu." Grafu tulizitoa siku hiyohiyo. Zilikuwa zimetula siku tatu. Zamani zingetula mwezi.

Yaliyotushinda nayo niyaseme. Kikao cha kila siku kwa sauti za WhatsApp, siku za mvua kubwa, ni upuuzi: kila mtu anamripotia mkubwa, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Kikao cha kujitathmini mwisho wa sprinti kilikuwa kimya kama matanga. Mdogo hatamwambia yaya wake, mkubwa wake, mbele ya watu kwamba amechelewesha kazi, na mwalimu hakutupa dawa ya hilo, alisema tu "muwe wawazi". Tuliweka katoni ya karatasi mlangoni, kila mtu anaandika bila jina, nasoma mimi kwa sauti. Maneno yakaanza kutoka, mengine yakinihusu mimi.

Malipo pia hayakufundishwa kabisa. Mteja wa hapa anataka bei moja, ya kazi nzima, leo. Ukimwambia "tutaona tukifika", anakuona tapeli. Tulikubaliana na mama alipe kila baada ya sprinti mbili kwa kilichokwisha machoni pake, akiwa huru kusimamisha. Alipenda neno la kusimamisha. Hakusimamisha, lakini tukifika Ijumaa analitaja.

Kwa hiyo, ulipe? Kama uko peke yako, au ni mwanafunzi, hapana. Soma mwongozo bure, tafuta vizibo 20 na rafiki wanne. Kama ni timu ambayo tayari imeungua kama sisi, mwende wawili, si watatu, na mmoja wao awe mwenye kupanga bei. Kile cheti cha mwisho ni cha kuhudhuria tu. Usikichanganye na mtihani wa skramu wa shirika la Scrum.org, ambao ni kitu kingine na bei yake ni nyingine. Changu kiko ndani ya kabati. Mama wa depo aliwahi kukiona, akauliza kama ndicho kilichotufanya tuanze kumsumbua kila Ijumaa ya pili. Nilipomwambia ndiyo, aliuliza kiligharimu ngapi, na nilipotaja bei alisema tungemwuliza yeye bure.