Kukata pano ya formika jikoni bila kumeguka: nunua nini kwanza

Ukiwa na pesa kidogo Lubumbashi, usizimalizie kwenye mashine. Weka akiba ya kununua meno mazuri, yaani diski na bledi za kukatia pano (ubao wa meza ya jikoni). Formika ni ngozi nyembamba na ngumu iliyogundishwa juu ya ubao wa chembe, na humeguka upande ule meno yanapotokea. Hapo ndipo uchaguzi wote unaposimama.

1. Diski ya vidia (meno ya metali ngumu sana), meno 48 hadi 60, kwa msumeno wa duara wa mm 190. Hii ndiyo ya kwanza kwa mikato mirefu. Diski ya meno 24 inayokuja na mashine ni ya mbao za ujenzi, iache. Kabla ya kulipa, pima tundu la katikati: lina mm 16, 20 au 30, na lisipolingana na mashine yako utahitaji pete ya kupunguzia. Meno hapa hupanda juu, kwa hiyo geuza pano, uso mzuri chini. Funga ubao ulionyooka uwe reli, acha meno yachungulie mm 5 hadi 10 tu chini ya pano, usisukume kwa haraka. Moto (umeme) wa SNEL, shirika la umeme, ukilegea na mashine ikazubaa, simama: diski inayozunguka polepole inang'oa badala ya kukata.

2. Bledi ya jigsoo (sauteuse) yenye meno yaliyogeuzwa, kama Bosch T101BR. Ni ya tundu la sinki. Hukata ikishuka, basi uso mzuri hubaki juu. Kandamiza mashine, maana bledi huisukuma juu, na zima mwendo wa kupembea (bledi kwenda mbele na nyuma). Toboa pembe za tundu kwa keekee ya mm 10 au 12. Kipande cha katikati kishikilie kwa chini, kisije kikaanguka na kupasua kona ya mwisho. Wengi huharibu hapo. T101BR ni ya unene usiozidi mm 30. Kwa pano ya mm 38 hupinda.

3. Msumeno wa mkono, meno madogo. Bei nafuu, hauhitaji moto. Uso mzuri juu, laza msumeno karibu na pano, chora mstari kwanza kwa kisu.

Fraizi (mashine ya kuchonga kwa kisu kinachozunguka) yenye kisu cha mm 12.7 hukata safi kuliko zote, lakini ni ya fundi anayeunga kona kila wiki.

Skotchi ya karatasi juu ya mstari husaidia kidogo tu. Silikoni au vanishi kwenye ukingo uliokatwa, kabla ya kuweka sinki, ni lazima: ubao wa chembe ukinywa maji huvimba, haurudi.