Sikio lake ndiyo geji, na injini yangu ndiyo ilitaka kulipia

Naandika hasira haijapoa, mnivumilie.

Pikapu yangu ilianza vituko hivi karibuni. Asubuhi inawaka vizuri, mshale wa presha ya oili umesimama juu, raha mustarehe. Nikishaiendesha kama nusu saa, hasa nikiwa na mzigo, mshale unaanza kulala. Nikikanyaga mafuta ndiyo kwanza unazidi kushuka, mwisho kile kibirika chekundu kinawaka kwenye dashibodi. Nikisimama kando nikazima, nikangoja dakika kumi, nikiwasha tena mshale umerudi mahali pake kama vile sikuona kitu. Kijiti cha oili nimekichomoa mara zisizo na idadi. Oili imejaa mpaka kwenye alama.

Haya yote niliyapeleka gereji nikiwa nimeyapanga kichwani. Ni gereji ile ile iliyoniziba sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ilipokuwa inavuja, kwa hiyo nilikwenda kwa imani, sikwenda kutafuta ugomvi. Fundi mkuu akafunua boneti, akainamisha kichwa kwa muda ambao mtu hajamaliza kupiga chafya, akanyanyuka: "Beringi za krenki zimekwisha. Hapa ni ovaholi tu."

Nikamwambia, "Fundi, lakini nikiizima kidogo presha inarudi."

"Dada, mambo ya injini tuachie sisi."

Nikamuuliza basi kama atafungua sensa afunge geji ya mkono, tuone presha yenyewe ni ngapi. Akagonga sikio lake kwa spana. "Geji yangu hii hapa." Vijana wake wakaangua kicheko. Na mimi, mjinga, nikatabasamu! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko hata gari.

Akataka arbuni ya kuanza kushusha injini. Nikasema nitafikiria. Akanimwagia oili nzito, 20W-50, eti inisogeze wakati nafikiria. Akanionya nisiiwashe ovyo, itajifunga. Kisha akaiwasha yeye mwenyewe, akaipiga resi mbili za nguvu, akaitoa nje ya geti.

Niwe mkweli, kuna kitu pale ninachokisifu: wanapokea simu, na gari hurudi limefutwa. Siyo watu wabaya. Au tuseme hivyo ndivyo nilivyowaza siku hiyo, kabla sijajua.

Kwa oili ile nzito mambo yalizidi. Mshale ulilala mapema kuliko kawaida. Ndipo nikampelekea fundi mwingine, kijana mpole asiye na hata bango nje. Yeye hakugusa kitu kwanza. Aliuliza: "Ikishuka, inashuka ukiwa umesimama au ukiwa mwendoni? Ukiizima inarudi?" Nilitaka kulia. Kumbe maswali yapo!

Akachomoa sensa ya presha, akafunga geji yake yenye mpira mrefu, tukazunguka nayo. Injini ya baridi ilisoma psi 55 (psi ndiyo kipimo cha presha). Ilipopata moto na kukimbia kidogo, ikashuka hadi 15 injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika. Mafundi wengi hupigia hesabu ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, yaani hapo ilitakiwa kama 25. Kwa hiyo sensa haikuwa inadanganya. Lakini akanieleza jambo ambalo yule mwenye sikio alipaswa kulijua usingizini: beringi zikilika, presha huwa chini injini ikiwa na moto na haijakanyagwa, halafu hupanda ukikanyaga. Na dakika kumi za kupumzika haziponyi beringi, chuma kilicholika kimelika. Yangu ilikuwa kinyume. Ikitaka oili nyingi, haipati. Ikizimwa, kile kinachoziba kinadondoka kutoka kwenye chujio lililo ndani ya sampo, njia inafunguka. Na oili nzito kupita kwenye tundu lililoziba ni taabu zaidi.

Kabla ya kushusha sampo alifungua filta, akaikata kwa msumeno na kuikunjua karatasi yake kama kitabu. Akaiweka juani. Hakukuwa na chembe zinazometameta. "Ingekuwa beringi, hapa ungeona vumbi la shaba," akasema.

Sampo ikashuka. Jamani. Chujio la bomba linalofyonza oili lilikuwa limevaa ngozi. Vipande vya silikoni ya buluu, vingine virefu kama minyoo, vimejipanga kwenye wavu mpaka pakabaki nafasi ya kupita labda robo. Kwenye ukingo wa sampo silikoni ile ile ilikuwa imebandikwa nene mno, ikabanwa ikamiminikia ndani, ikakauka, oili ya moto ikaimega kidogo kidogo.

Buluu ile naijua. Niliiona ikipakwa kwa macho yangu, kwenye gereji ya sikio.

Kijana alifungua vifuniko viwili vya beringi ili tusibahatishe: uso wa kijivu, laini, shaba haijatokeza. Akaosha chujio, akabadilisha mpira wa mviringo pale bomba linapoingia kwenye pampu, maana ulikuwa umekauka na kuwa mgumu kama pete ya chuma, na mpira wa hivyo huiruhusu pampu kufyonza hewa. Sampo akaifunga kwa silikoni nyembamba, uzi mmoja tu, akairudishia oili inayotakiwa na filta mpya. Injini ya moto sasa inasoma 22 bila kukanyaga na zaidi ya 40 nikiwa mwendoni. Haishuki.

Nina kosa langu pia. Niliendesha siku kadhaa na kibirika kikiwaka, na hilo hakuna fundi wa kulaumiwa.

Nilifunga vile vipande kwenye kitambaa nikampelekea yule bwana. Akavitazama kwa mbali. "Silikoni ya buluu kila mtu anayo, dada."

Nilikuwa nimeamua kuwapa nyota moja. Nikakumbuka kwamba sampo waliyoiziba, haki ya Mungu, haikuvuja hata tone, nikafikisha mbili. Nilipokuwa naandika sentensi hii simu ikaita. Ni wao. Wananiuliza kama ile arbuni nimeshaipata, maana wameniwekea nafasi ya ovaholi wiki hii.

Sifuri.