TAHADHARI: Spidi boti za zamani zinauzwa kwa jina la Volvo Penta na MerCruiser, kumbe mguu ni wa OMC

Ndugu zangu wa pwani, kuanzia Vanga hadi Lamu, na nyinyi wa Tanga, Dar na Unguja mnaotumiwa matangazo haya haya: kuna dalali anazungusha spidi boti za zamani za faiba, zile za injini ndani na mguu nje, na anaziuza kwa majina yasiyo yake. Ofisi hana. Laini ya simu anabadilisha kila akishamliza mtu. Jina lake silitaji kwa sababu shauri liko polisi, ila mbinu zake nitazieleza zote, maana kesho atakuja mwingine na mbinu hizo hizo.

Aliyelizwa safari hii ni binamu yangu wa Shimoni. Yeye hupeleka watalii Wasini na Kisite kuangalia pomboo, akataka chombo chenye mwendo zaidi ya alichonacho. Tangazo lilisema: spidi boti ya Marekani, futi 19, Volvo Penta V6, ya mwaka 1995, imetumika Ziwa Naivasha pekee, haijaonja chumvi. Bei milioni moja na laki mbili. Akaambiwa kuna mteja wa Diani anakuja kesho na pesa mkononi, basi naye akatuma laki moja na nusu kwa M-Pesa ya kushikilia. Ndipo akanipigia: "Kaka, twende ukaniangalizie mashini."

Tuliikuta Mtwapa juu ya trela, imeng'arishwa mpaka unajiona. Kifuniko cha injini kina stika ya Volvo Penta. Mguu, yaani kile chombo cha alumini kinachotoka kwenye tezi (nyuma ya boti) na kubeba propela, umepakwa rangi nyeusi na kubandikwa stika ya MerCruiser Alpha One. Hapo tu nilishashtuka. Volvo Penta walitoa mguu wao wa kwanza, Aquamatic, mwaka 1959, na Mercury wakawajibu kwa MerCruiser mwaka 1961. Ni mahasimu tangu siku hiyo, na mguu wa Alpha haukai kwenye bamba la tezi la Volvo. Nilipomuuliza dalali, akacheka: "Fundi, siku hizi vyote vinaingiliana." Nikatoa kisu, nikakwangua rangi pembeni mwa bamba. Kikatokea kibati cha zamani chenye herufi tatu: OMC.

Wengine watauliza ubaya uko wapi. OMC, yaani Outboard Marine Corporation ya Marekani, haikuwa kampuni ya vichochoroni. Ndio waliokuwa wakitengeneza Johnson na Evinrude, mashini ambazo wavuvi wazee wa pwani hii wanazijua vizuri. Mguu wao wa Cobra ulitoka mwaka 1986. Mwaka 1993 wakaungana na Volvo Penta kwenye biashara ya miguu, ukazaliwa mguu mpya ulioitwa SX, na Cobra ya zamani ikaachwa njiani. Desemba 2000 OMC yenyewe ikafilisika. Johnson na Evinrude zilinunuliwa na Bombardier zikaendelea kwa miaka mingine, lakini mwenye Cobra wa miaka ya 1980 alibaki yatima.

Dalali huyu anaijua historia hiyo, na anaitumia. Ukimbana atakwambia, "OMC na Volvo ni kitu kimoja, waliungana." Ni kweli waliungana. Lakini mguu wa kabla ya muungano ni mwingine kabisa, na vipuri vya SX havikusaidii kwenye Cobra ya 1988. Hapo ndipo anapowakamata watu waliosoma kidogo mtandaoni, kwa sababu wakienda kuhakikisha wanakuta ni kweli, waliungana.

Injini nayo haikusaidii kumkamata. Ile V6 ya lita 4.3 tuliyoikuta ni ya General Motors, na bloku hiyo hiyo imetumiwa na MerCruiser, na OMC, na Volvo Penta. V8 za lita 5.0 na 5.7 ni hivyo hivyo. Wote watatu walinunua injini za magari Marekani, wakaziwekea vifaa vya baharini, wakapaka rangi zao. Kwa hiyo ukifungua kifuniko ukaona V6 safi, bado hujajua umenunua nini. Boti ya namna hii inajulikana kwa mguu wake, na ndiyo maana mguu ndio uliopakwa rangi.

Nikiulizwa mimi, katika boti za zamani za aina hii, mguu wa kwanza kuutafuta ni MerCruiser Alpha One. Ulianza mwaka 1983, na kizazi cha pili kikaja 1991. Ilitengenezwa mingi mno, kwa hiyo vipuri ni vingi, vya kampuni na vya kuiga, na fundi yeyote aliyewahi kugusa mguu ameshaufungua huo. Ila uangalie MerCruiser 470, ile ya silinda 4 ya lita 3.7 ya kabla ya 1990: bloku ya alumini, kichwa cha chuma, na sili ya pampu ya maji kwenye kemshafti inayovuja na kuleta maji kwenye oili. Stika yake ni ya MerCruiser halali, lakini sikushauri.

Volvo Penta ya kweli ni chuma kizuri, tena gia zake huingia laini kuliko za wengine, kwa sababu klachi ya koni iko juu kwenye mguu badala ya chini karibu na propela. Miguu ya 280 na 290 ikitunzwa huenda miaka. Tatizo ni mfuko. Kipuri cha Volvo kikifika Mombasa, bei yake utaisoma mara mbili. DuoProp, yaani propela mbili zinazozunguka kinyume, ilianza 1982 na ni raha baharini, lakini uwe tayari kununua propela kwa jozi.

OMC iko ya aina mbili, msichanganye. Cobra ni afadhali. Ile ya kabla yake mafundi huiita stringa: mguu haukufungwa kwenye tezi, umebebwa na mbao za sakafuni pamoja na injini, na kinachozuia bahari isiingie ni mpira mmoja mkubwa uliozunguka tundu la tezi. Mpira huo ukichanika boti inazama ikiwa imefungwa gatini. Ukitaka kuweka mguu wa MerCruiser mahali hapo, lazima ujenge tezi upya, na gharama yake itapita bei ya boti.

Sasa tuje kwenye ule uongo wa Naivasha, kwa sababu kila boti anayouza imetoka Naivasha. Nilifungua hozi ya maji pale juu kwenye nyumba ya thamostati. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe. Nikapitisha kidole, nikalamba: chumvi. Nikapanda kwenye raiza, zile shingo za ekzosi, nikavua mpira wake. Ndani kutu imevimba tabaka juu ya tabaka. Kwenye maji ya chumvi, manifoldi na raiza zinazopozwa na maji ya bahari moja kwa moja huhesabiwa miaka kama mitatu hadi mitano, kisha hutobokea ndani na maji yakaingia kwenye silinda. Hakuna sauti wala dalili ya mapema. Siku moja injini inagoma kuzunguka na umekwisha. Hizi zilikuwa zimepitiliza.

Zinki za mguu nazo zilikuwa zimepakwa rangi pamoja na mguu wote. Zinki kazi yake ni kuliwa na maji ili alumini isiliwe. Ukiipaka rangi umeizuia kazi. Mtu anayepaka zinki rangi ama hajui kitu au anaficha kitu, na sikuona sababu ya kutofautisha.

Angalieni pia namba ya bodi. Boti zilizotengenezwa Marekani tangu Novemba 1972 zina namba ya herufi na tarakimu 12 upande wa kulia wa tezi, juu, na kwa zile za tangu katikati ya 1984 tarakimu mbili za mwisho ndizo mwaka wa modeli. Kwenye boti ile sehemu hiyo ilikuwa imesagwa na kujazwa pati. Asichojua dalali ni kwamba tangu 1984 watengenezaji wanatakiwa kuirudia namba hiyo mahali pa pili palipofichika. Tuliikuta ndani, chini ya kipande cha mapambo. Mwisho wake: 87. Hiyo "1995" ilitoka kichwani mwake.

Akatuwashia injini akiwa na hozi ya bomba kwenye masikio ya mpira, yale yanayobanwa kwenye matundu ya maji ya mguu. Iliwaka vizuri, na hilo halina maana yoyote. Bomba la mjini lina presha yake, linasukuma maji hata kama impela, ile feni ya mpira ya pampu ya maji, imekufa. Tena mkono wangu ulipogusa bloku kabla hajawasha, ilikuwa na moto. Ameiwasha kabla hatujafika ili tusione inavyosumbua ikiwa baridi. Nikamwambia twende majini, akasema leseni ya KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya, imeisha, hataki matatizo. Basi nikamwomba azungushe usukani huku na huku injini ikiwaka, nikasikia beringi ya jimbali, ile inayoshika shafti inayotoka kwenye injini kwenda kwenye mguu, inanguruma. Ile mipira yenye mikunjo kati ya tezi na mguu ilikuwa imepasuka, maji yamekwisha kuingia. Nikalegeza skrubu ya chini ya mguu kidogo tu. Oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa.

Kuna kingine nilikiona kwenye boti nyingine ya huyo huyo, na hiki ni cha kuua mtu. Injini ilikuwa ya gari mia kwa mia: stata ya gari, alteneta ya gari. Za boti hufungwa ili cheche zisitoke nje, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ukakaa ngamani, chini kabisa ya boti. Cheche moja ya stata wazi inatosha kulipua chombo na abiria wake. Vizibo vya maji kwenye bloku vilikuwa vya chuma pia, badala ya shaba. Fundi wa gari ataiona injini nzima na kuisifu.

Kuna pia mchezo wa kuchanganya miguu ya Alpha. Mguu ni Alpha kweli, namba ni yake, lakini umetoka kwenye injini nyingine. Toa plagi, ingiza gia, chora alama kwenye propela, zungusha injini kwa spana ukihesabu. Ya silinda 4 huzunguka karibu mara mbili ndipo propela ikamilishe mzunguko mmoja. Kwenye V6 ni kama 1.8, kwenye V8 ya lita 5.7 ni kama 1.5. Mguu wa V8 nyuma ya silinda 4 utaifanya injini ihangaike chini, isifike hata karibu na ile mizunguko 4,400 hadi 4,800 kwa dakika inazotakiwa kufika ukikanyaga yote.

Binamu hajarudishiwa pesa zake. Ana namba ya OB (ya kitabu cha matukio cha polisi) na ujumbe wote wa M-Pesa, na kama nawe umetuma pesa kwa boti ya "Volvo ya Naivasha", nenda kituoni na ujumbe wako ukiwa bado kwenye simu, usiufute kwa hasira. Wakiona malalamiko yanafanana watafuatilia. Kwa walioko Tanzania Bara, kabla ya kulipa uliza karatasi za TASAC, na Unguja za ZMA, yaani mamlaka za vyombo vya majini za huko, halafu linganisha namba ya karatasi na ya kwenye faiba kwa macho yako.

Na wewe unayetaka boti ya kazi si ya fahari, sikiliza. Mguu wa aina hii haunyanyuki wote majini. Boti ikilala Mtwapa au Shimoni, mguu unalala na chaza na chumvi usiku kucha. Bodi nzuri ya zamani yenye tezi ngumu, ukaziba tundu na kutundika mashini ya nje ya Yamaha Enduro, itakupa pesa wakati mwenzako anangoja mzigo wa vipuri. Ndiyo ushauri niliompa binamu, ingawa yeye bado anaota V8.

Walio na Cobra tayari wasikate tamaa wala wasiuze kwa bei ya chuma chakavu. Kampuni ya vipuri ya Sierra ya Marekani bado inauza impela, mipira, sili na waya za gia za OMC. Ya muhimu ni namba ya modeli iliyo kwenye kibati chako. Bila hiyo usiagize kitu, kwa sababu vipuri vya Cobra vinatofautiana mwaka hadi mwaka. Kama kibati kimepakwa rangi, tumia dawa ya kutoa rangi na kitambaa. Usitumie msasa, utafuta namba.